Maonyesho ya biashara: Faida iko kwenye kontena la pili

KILA mwaka vikundi vya wazalishaji wadogo wa vyakula huchangishana fedha ili kupeleka bidhaa zao kwenye maonyesho ya biashara. Wafugaji wa nyuki, wakulima wa viungo na wasindikaji wa matunda makavu hufunga mizigo yao, wakaenda Sabasaba, wakaenda Nairobi au Kigali, na wachache wakafika Dubai na Ujerumani. Wengi hurudi na kadi za wageni, picha za banda na ahadi. Miezi sita baadaye ukiwauliza wameuza nini nje, jibu ni kwamba mnunuzi bado hajaleta oda.

Wiki hii ukurasa huu unaeleza kwa nini mambo huwa hivyo, na nini kifanyike ili safari ya maonyesho izae biashara. Tumechukua asali kuwa mfano. Asali inazalishwa na watu wengi wenye kiasi kidogo kidogo, hasa katika misitu ya miombo ya Tabora, Katavi na Singida. Haiharibiki upesi, na vipimo vyake vinajulikana dunia nzima. Mwenye iliki, korosho au embe kavu atabadilisha vipimo, lakini hoja ni ile ile.

MAONYESHO SI GULIO

Jambo la kwanza ni kutofautisha aina za maonyesho. Sabasaba, yanayofanyika katika viwanja vya Barabara ya Kilwa jijini Dar es Salaam kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai, ni maonyesho ya wananchi wote. Mtu analipa kiingilio, anatembea na familia yake, ananunua chupa mbili za asali na kwenda zake. Huyo ni mteja mzuri, lakini si soko la nje.

Maonyesho makubwa ya vyakula ya Ulaya ni kitu kingine. Anuga ya Cologne, SIAL ya Paris na Biofach ya Nuremberg huingiwa na watu wa biashara tu. Hakuna kuuza chupa moja moja. Mnunuzi anayesimama mbele ya banda ni mtu wa kampuni inayoagiza kwa tani, ana miadi mingine kumi siku hiyo, na anakupa dakika chache. Hanunui pale pale. Anachofanya ni kupanga orodha fupi ya watu atakaowaandikia akirudi ofisini kwake.

Kwa hiyo kazi ya banda ni kukuingiza katika orodha hiyo fupi. Kinachokuingiza ni majibu, wala si mapambo. Mnunuzi ana maswali matano: Una kiasi gani? Ubora umepimwa wapi? Bei ni kiasi gani, na ni bei ya hadi wapi? Mzigo utaondoka lini? Nani ana mamlaka ya kusaini mkataba? Aliyejibu yote kwa uhakika ameshinda nusu ya safari. Aliyesema "nitawauliza wenzangu nyumbani" amekwisha kusahauliwa kabla ya jioni.

UBORA UNASEMWA KWA NAMBA

Wafugaji wetu huisifu asali yao kwamba ni safi na ya asili. Ni kweli, lakini kila muuzaji husema hivyo. Mnunuzi wa nje anataka karatasi ya maabara.

Kiwango cha kimataifa cha asali, kilichowekwa na tume ya Codex, kinataka unyevu usizidi asilimia 20. Asali yenye maji mengi huchacha. Kipimo kingine huitwa HMF, na hupanda asali inapochemshwa au kukaa muda mrefu kwenye joto. Kikomo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kilo, lakini asali ya nchi za joto kama yetu imeruhusiwa hadi 80. Ruhusa hiyo haina maana kwamba tuache mapipa juani. Wanunuzi wengi hutaka asali iliyo chini kabisa ya vikomo hivyo, kwa sababu wanajua itakaa melini majuma kadhaa na ghalani miezi kadhaa.

Namba hizi huamuliwa kijijini siku ya mavuno. Masega yakivunwa kabla nyuki hawajayafunika kwa nta, unyevu utakuwa juu. Moto mkubwa ukitumika badala ya moshi kidogo, asali itanuka moshi, na harufu hiyo haitoki. Ndoo iliyowahi kubeba mafuta ya taa huharibu asali yote inayotiwa humo. Kipima unyevu cha mkononi ni kifaa kidogo, na kikundi chochote chenye nia ya kuuza nje hakina budi kuwa nacho kituoni, ili asali ipimwe mbele ya mwenyewe kabla haijamiminwa pipani pamoja na ya wenzake.

Kwa soko la Umoja wa Ulaya kuna masharti zaidi, maana asali huhesabiwa kuwa zao la mnyama. Nchi inayouza lazima iwe na mpango uliokubaliwa wa kupima mabaki ya dawa, na Tanzania imekuwa katika orodha ya nchi zilizokubaliwa. Tangu mwishoni mwa 2024, kituo kinachokusanya na kufungasha nacho hutakiwa kuwa katika orodha. Mzigo husafiri na cheti cha afya cha serikali. Kikundi kisichokuwa na kituo kilichosajiliwa kina njia mbili: kijenge na kukisajili, au kiuze kupitia kampuni au ushirika ambao tayari una kituo. Njia ya pili si aibu. Kwa wengi ndiyo ya busara.

Upande wa neema nao upo. Ushuru wa kawaida wa asali kuingia Umoja wa Ulaya ni asilimia 17.3, lakini nchi zenye maendeleo madogo kabisa, Tanzania ikiwamo, huingiza bila ushuru chini ya mpango ulioanza 2001. Mzigo wa thamani inayozidi Euro 6,000 unahitaji tamko la uasili lililotolewa na muuzaji aliyesajiliwa, kwa hiyo usajili huo ufanywe mapema. Tena, sheria ya Ulaya iliyorekebishwa 2024 inataka kuanzia Juni 2026 lebo ya asali iliyochanganywa itaje nchi zilikotoka na asilimia ya kila moja. Asali yetu iliyokuwa ikifichwa ndani ya mchanganyiko sasa inaweza kutajwa kwa jina. Hiyo ni hoja ya kuzungumza mbele ya banda.

TANI ISHIRINI ZITATOKA WAPI?

Hapa ndipo wengi huanguka. Kontena la futi 20 hubeba takriban tani 20 za asali, yaani mapipa 65 hivi ya kilo 300. Tuseme mfugaji mmoja ana mizinga 50 ya magogo na kila mzinga unampa kilo 10. Huyo ana nusu tani. Watu arobaini wa namna hiyo wangejaza kontena kama kila mmoja angeleta asali yake yote. Lakini hawaleti yote. Nyingine huliwa, nyingine hutengenezwa pombe, na nyingine huuzwa kando ya barabara kwenye chupa zilizokwisha tumika. Kwa hesabu ya uangalifu, kontena moja linahitaji wafugaji mia moja au zaidi wenye utaratibu mmoja wa kuvuna, ndoo za aina moja na daftari moja.

Mfano uko jirani. Kaskazini Magharibi mwa Zambia, kampuni ya North Western Bee Products ya Kabompo, iliyotokana na mradi wa mwaka 1979, ilikusanya asali ya maelfu ya wafugaji waliotumia mizinga ya magome, ikaiuza Uingereza na Ujerumani. Wafugaji hawakuwa na mizinga ya kisasa wala elimu ya biashara ya nje. Walichokuwa nacho ni kituo kimoja, kipimo kimoja na jina moja mbele ya mnunuzi.

Adui mkubwa wa mpango kama huo ni fedha taslimu. Siku ya mavuno mlanguzi hufika kijijini na noti mkononi. Ushirika unafika na ahadi ya malipo baada ya miezi mitatu. Mfugaji ana ada ya shule ya mtoto, atauza wapi? Hawezi kulaumiwa. Ndiyo maana fedha za kununulia mazao zitafutwe kabla ya nauli ya kwenda maonyesho. Njia inayofaa ni kumlipa mwanachama sehemu kubwa papo hapo na kummalizia baada ya mauzo. Fedha hizo zinaweza kutoka SACCOS, benki, au kwa mnunuzi mwenyewe. Chini ya taratibu za Fairtrade, kwa mfano, chama chenye cheti kinaweza kumwomba mnunuzi atangulize hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba.

Aliyekosa mazao baada ya kuahidi huingia katika kishawishi kibaya, nacho ni kujaza mapipa kwa asali ya kuokoteza asiyoijua. Pipa moja lenye mabaki ya dawa au lililotiwa sukari laweza kurudisha kontena zima. Hasara haiishii kwa kikundi. Mzigo wa nchi ukikataliwa, mizigo ya wengine kutoka nchi hiyo hukaguliwa kwa jicho kali zaidi. Ahadi ya tani tano zinazofika ni bora kuliko ahadi ya ishirini zisizofika.

HESABU YA BEI

Swali la bei ndilo linaloleta hasara ya kimya kimya. Mnunuzi akiuliza bei, anataka bei ya FOB, yaani mzigo ukiwa umepakiwa melini Dar es Salaam, au ya CIF, yaani pamoja na nauli ya meli na bima hadi bandari yake. Mwakilishi asiyejua tofauti hiyo atataja bei ya kijijini na kuongeza kidogo.

Tuangalie mfano. Namba hizi ni za kufundishia, si bei za soko la wiki hii. Chama kinamlipa mwanachama Sh. 6,000 kwa kilo. Kuchuja na upungufu ni Sh. 700. Pipa jipya la chakula, likigawanywa kwa kilo 300, ni Sh. 300. Usafiri hadi bandarini ni Sh. 250. Maabara, vyeti na wakala wa forodha ni Sh. 450. Riba ya mkopo wa kununulia mazao ni Sh. 300. Jumla ni Sh. 8,000 kwa kilo. Chama kikitaka faida ya asilimia 10, bei yake ya FOB ni Sh. 8,800.

Mwakilishi aliyetaja Sh. 7,000 akidhani amepata faida ya Sh. 1,000 kwa kilo, kwa kweli amepoteza Sh. 1,000. Kwa kontena la tani 20 hiyo ni hasara ya Sh. milioni 20, na ni wanachama watakaoibeba.

Sasa tazama upande wa pili. Bei ikiwa sahihi, faida ya Sh. 800 kwa kilo inaleta Sh. milioni 16 kwa kontena. Tuseme safari ya watu wawili kwenda Ulaya, pamoja na nauli, malazi, banda, sampuli na viza, imegharimu Sh. milioni 15. Kontena la kwanza limerudisha nauli tu. Faida ya maonyesho huanzia kwenye kontena la pili, kutoka kwa mnunuzi yule yule. Kwa hiyo asiye na uwezo wa kupeleka mzigo wa pili wenye ubora sawa na wa kwanza hana sababu ya kwenda mbali. Bado yuko kwenye hatua ya kujiandaa.

KUPANDA NGAZI

Kujiandaa huko kuna shule zake. Ngazi ya kwanza ni Nane Nane, inayofanyika kila mwanzo wa Agosti katika viwanja vya kanda, na Sabasaba. Hapo kikundi hujifunza kupokea wageni, kusikia malalamiko ya wateja na kuona bidhaa za washindani. Kabla ya hapo kionane na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa 1973, na Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu 2019 ndilo lenye usimamizi wa usalama wa chakula. Wajasiriamali wadogo wenye barua ya SIDO wamewekewa utaratibu wa nafuu wa kupata alama ya ubora.

Ngazi ya pili ni majirani. Maonyesho ya Jua Kali, au Nguvu Kazi, ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yalianza 1999 na huzunguka katika nchi wanachama. Asali ina kiwango chake cha pamoja cha Afrika Mashariki, EAS 36. Bidhaa zilizo katika orodha ya pamoja, zenye thamani isiyozidi Dola 2,000 kwa mzigo, huvuka mpaka kwa hati rahisi ya uasili inayotolewa pale pale mpakani. Huko ndiko chupa iliyofungashwa vizuri inapouzika: kwenye maduka makubwa ya Nairobi na Kigali. Kwa biashara ya chupa, namba ya mistari ya bidhaa ni lazima, na za Tanzania huanza na 620.

Ngazi ya tatu ni ng'ambo. Ghuba na Ulaya ni masoko mawili tofauti. Gulfood ya Dubai, iliyoanza 1987, ni ya vyakula vya kila namna, na lebo ya soko hilo iwe na Kiarabu. Mashariki ya Kati wako wafanyabiashara wenye asili ya pwani yetu, hasa Oman, ambao mazungumzo nao yanaweza kuanza kwa Kiswahili. Ulaya, kwa mzalishaji mdogo, lango jembamba lakini la uhakika zaidi ni Biofach, maonyesho ya mazao ya kilimo hai. Anayetembelea Biofach tayari anatafuta asali ya msituni isiyo na dawa. Kwenye Anuga au SIAL sauti ya kikundi kidogo humezwa na makampuni makubwa. Kwenda Biofach bila cheti cha kilimo hai, hata hivyo, ni kupoteza nauli. Sheria ya Ulaya huruhusu kikundi kupata cheti kimoja cha pamoja, mradi kiwe chombo kilichosajiliwa kisheria, chenye wanachama wasiozidi 2,000 na ukaguzi wake wa ndani.

Ushauri wetu: safari ya kwanza ya Ulaya iwe ya kutembelea, bila banda. Mtu mmoja mwenye miadi sita aliyoomba kwa barua pepe miezi miwili kabla atajifunza mengi kuliko watu wanne waliokaa nyuma ya meza wakisubiri.

NANI APANDE NDEGE?

Mamlaka ya Maendeleo ya Biashara, TanTrade, ambayo kwa sheria ya 2009 ilichukua nafasi ya Bodi ya Biashara ya Nje na Bodi ya Biashara ya Ndani, huandaa Sabasaba na kuratibu ushiriki wa nchi kwenye maonyesho ya nje. Banda la taifa huwapunguzia wadogo gharama, nalo ni jambo jema. Lakini msaada wa banda peke yake haufiki mbali. Shilingi inayolipia zulia na bendera ingezaa zaidi kama sehemu yake ingelipia kipimo cha maabara kabla ya safari, na mfanyakazi mmoja wa kufuatilia barua za wanunuzi baada ya safari. Wafadhili nao wapime mafanikio kwa mapipa yaliyoondoka bandarini ndani ya miezi kumi na miwili, si kwa idadi ya vikundi vilivyopelekwa.

Ndani ya vikundi nako kuna kazi. Mara nyingi anayesafiri ni mwenyekiti, kwa heshima ya cheo chake. Aende anayeshika daftari la ghala, anayejua hesabu ya bei kwa kichwa na anayeweza kuzungumza na mgeni au kumtumia mkalimani vizuri. Mkutano wa wanachama umpe mamlaka ya maandishi: bei ya chini kabisa, kiasi cha juu kabisa, na tarehe.

SIKU SABA ZA KWANZA

Kazi ya baada ya maonyesho ndiyo huachwa. Ndani ya siku saba kila mnunuzi aandikiwe, akumbushwe mlichozungumza, na atumiwe karatasi ya maabara na bei. Akiomba sampuli, atumiwe ile ile iliyopo ghalani, wala si ile nzuri kuliko zote. Nusu ya kila sampuli ibaki kwenu, imefungwa na kuandikwa tarehe, ili ukitokea ubishi muwe na ushahidi.

Oda ya kwanza isiwe kontena zima kama inawezekana kuepuka. Mapipa machache katika kontena la kuchangia na wasafirishaji wengine yatagharimu zaidi kwa kilo, lakini yatawafundisha wote wawili. Na kama mvua imegoma na mavuno ni haba, mwambieni mnunuzi mapema. Mnunuzi aliyeambiwa ukweli Aprili atatafuta kwingine mwaka huo na kurudi mwaka ujao. Aliyeachwa gizani hadi Agosti harudi tena.

KUMBUKUMBU YA MAONYESHO

Januari/Februari: Gulfood, Dubai, kila mwaka.
Februari: Biofach, Nuremberg, kila mwaka.
Juni 28 hadi Julai 13, kwa kawaida: Sabasaba, Dar es Salaam.
Agosti 1 hadi 8, kwa kawaida: Nane Nane, viwanja vya kanda.
Oktoba: Anuga, Cologne, miaka inayoishia na namba witiri, SIAL, Paris, miaka ya namba shufwa.

Maombi ya mabanda ya ng'ambo hufungwa miezi mingi kabla. Anayekusudia kwenda Februari aanze hesabu yake mavuno ya mwaka uliotangulia, akiwa ghalani.